WiFi Inaonekana, Malipo Hayaendi: Jinsi ya Kufikisha Mtandao Kila Kona ya Boma

Hali ni hii. Uko dukani kwako kando ya barabara, chini kidogo ya nyumba kubwa. Gari la mkate limesimama na dereva hajazima injini, maana bado ana maduka mengine mbele. Unafungua programu ya malipo kwenye simu, unaweka nambari ya till, kiasi, kisha PIN. Kiduara kinaanza kuzunguka. Kinazunguka tu. Ukiangalia juu ya skrini, alama ya WiFi ipo, mistari miwili. Dereva anapiga honi. Unarudi nyuma, unaweka kila kitu upya, unabonyeza tena. Safari hii inapita. Baada ya muda kidogo zinaingia jumbe mbili za uthibitisho, si moja. Umelipa mkate mara mbili.

Wengi wakipatwa na hali hii hulaumu laini, programu au dereva. Mara nyingi kosa liko karibu zaidi. Ruta iko sebuleni, wewe uko dukani, na kati yenu kuna kuta za mawe, tangi la maji, paa la mabati na mteremko wa shamba. Ombi lako la kwanza lilifika. Jibu ndilo lililopotea njiani.

Makala haya tumeyaandika kwa ajili ya wateja wetu wanaoishi kwenye ukanda wa chai, kuanzia Kericho, Litein na Kapkatet hadi Sotik, Mogogosiek na Silibwet. Tunajua kwamba bonasi ya chai ikiingia, vifaa vya WiFi hununuliwa kwa wingi, na vingine huishia kabatini kwa sababu havikusaidia. Kwa hivyo tutaeleza kifaa gani kinafanya kazi gani, na pia wapi usipoteze pesa yako.

Mistari ya WiFi hudanganya

Tuanze na jambo moja ambalo likieleweka, mengine yote yatakuwa rahisi.

Mistari unayoiona kwenye simu inakuambia jinsi simu inavyoisikia ruta. Haikuambii jinsi ruta inavyoisikia simu. Ruta imechomekwa kwenye stima na ina antena nzuri, kwa hivyo sauti yake ni kubwa. Simu inatumia betri na antena yake ni ndogo, imefichwa ndani ya kava, imefunikwa na kiganja chako. Sauti yake ni ndogo. Ni kama mtu wa ng'ambo ya bonde mwenye sauti nzito: yeye akiita unamsikia vizuri, lakini wewe ukijibu hasikii kitu.

Malipo ni mazungumzo ya pande mbili. Simu inatuma ombi, mtambo unajibu, simu inathibitisha. Upande mmoja ukikosa kusikia, kiduara kinazunguka. Ndiyo sababu unaweza kukaa kwenye mistari miwili ya WiFi, video fupi ikafunguka kwa kusuasua, lakini malipo yakakataa au yakakwama katikati.

Jambo la pili: simu nyingi hung'ang'ania WiFi dhaifu hata kama data ya laini yako ni nzuri kuliko hiyo WiFi. Kwa hivyo kabla hujanunua kifaa chochote, hii ndiyo dawa ya haraka. Ukiwa mbali na ruta na unataka kulipa, zima WiFi kwanza, tumia data ya simu, lipa, kisha uiwashe tena. Malipo hutumia data kidogo sana. Simu nyingi pia zina mpangilio wa kuhamia data zenyewe WiFi inapodhoofika. Angalia kwenye mipangilio ya WiFi uuwashe.

Lakini hiyo ni dawa ya leo. Ukitaka boma lote lifikiwe, soma mbele.

Boma la mfano

Tuchukue boma moja la mfano kwenye kilima karibu na Litein. Nyumba kubwa ni ya mawe, ina vyumba vinne, na ruta iko sebuleni karibu na dirisha. Nyuma yake, mita 15 hivi, kuna jikoni ya mbao yenye paa la mabati. Mita 40 kando kuna nyumba ya kijana, ya mabati matupu, ambaye anafanya kazi za mtandaoni na analipwa kwa kazi aliyomaliza. Mita 80 chini, kando ya barabara, kuna duka. Ng'ambo ya bonde, mita 300 hivi, kuna nyumba ya nyanya, na kati yake na nyumba kubwa ni majani ya chai tupu, isipokuwa mstari mmoja wa mikaratusi.

Boma hili lina kila tatizo la ukanda wetu. Mabati hurudisha mawimbi ya WiFi kama kioo kinavyorudisha mwanga, kwa hivyo nyumba ya mabati ni kama sanduku lililofungwa. Ukuta wa mawe haurudishi sana, lakini unameza, na kuta mbili za mawe humeza zaidi ya moja. Mbao ni rafiki. Maji ni adui, na maji hayako kwenye tangi peke yake: majani ya miti yaliyolowa nayo hunyonya mawimbi. Kule kwetu mvua haikai mbali.

Hatua ya kwanza: usinunue kitu

Ruta nyingi huwekwa pale fundi alipoona ni rahisi kupitisha waya wake, yaani kwenye kona ya kwanza ya nyumba. Kona si mahali pa ruta. Nusu ya mawimbi yanaenda nje kwa ng'ombe. Isogeze katikati ya nyumba, iinue juu ya kabati, itoe nyuma ya televisheni na mbali na friji. Ikiwa mtandao wako unakuja kwa faiba, usikunje wala kuvuta ule waya mwembamba mwenyewe, kwa sababu ndani yake kuna kioo. Omba kampuni yako iusogeze. Njia nyingine ni kuacha kile kisanduku cha faiba kilipo, kisha kutoa waya wa kawaida wa intaneti kutoka hapo hadi kwenye ruta iliyo katikati.

Kama unatumia ruta ya laini ya simu, ya 4G au 5G, hali ni tofauti kidogo. Hiyo lazima ikae mahali inapoushika mnara vizuri, mara nyingi dirishani au upande wa juu wa kilima. Iache hapo, kisha ueneze WiFi kwa vifaa tutakavyotaja.

Pili, elewa bendi mbili. Ruta nyingi za siku hizi hutoa 2.4 GHz na 5 GHz. Bendi ya 2.4 hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, lakini ni ya polepole. Ile ya 5 ina kasi lakini huchoka mapema. Sebuleni tumia 5. Jikoni na chumba cha mwisho tumia 2.4. Na kama mnaishi kwa kubanana, kama kwenye plotii za mjini Kericho, weka 2.4 kwenye chaneli ya 1, 6 au 11. Hizo tatu haziingiliani. Chagua ile ambayo majirani hawajajazana.

Tatu, pima. Kuna programu za bure za Android zinazoonyesha nguvu ya WiFi kwa namba yenye alama ya kutoa. Kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu. Ukiona -50 hadi -65, uko sawa. Kwenye -70 mambo yanaanza kusumbua. Kwenye -80 usitegemee. Tembea boma zima ukiandika namba kwenye karatasi: sebule, jikoni, chumba cha mwisho, nyumba ya kijana, kaunta ya duka.

Halafu fanya jaribio la salio. Simama pale unapohitaji mtandao, zima data ya simu ili ibaki WiFi pekee, ufungue programu ya malipo na uangalie salio. Fanya hivyo mara tano, asubuhi na jioni, na siku ya mvua pia. Ikifunguka haraka mara zote tano, hapo pana WiFi ya kulipia. Ikikwama hata mara moja, hapo pana WiFi ya kuangalia tu.

Kwenye boma letu la mfano, kusogeza ruta katikati ya nyumba kumetosha kufikia jikoni. Hakuna shilingi iliyotoka.

Ripita: hurudia inachosikia

Sasa chumba cha mwisho cha nyumba kubwa bado kina shida. Hapa ndipo watu hukimbilia ripita, kile kisanduku kidogo kinachochomekwa kwenye soketi. Ni kifaa cha bei nafuu, hakihitaji waya, na mtu yeyote anaweza kukiweka. Pia ndicho kinachowekwa vibaya zaidi.

Jina lake linasema yote. Ripita hurudia inachosikia. Ukiiweka ndani ya chumba kisicho na WiFi, itasikia kelele na itarudia kelele. Simu itaonyesha mistari yote, kwa sababu ripita iko hapo hapo karibu, lakini intaneti haitaenda. Ni mistari inayodanganya kwa mara ya pili, na safari hii umeilipia.

Mahali pake ni katikati ya njia, pale ambapo WiFi ya ruta bado ni nzuri. Kwa kipimo chetu, tafuta soketi inayoonyesha -65 au nzuri zaidi. Kwenye nyumba hii ni koridoni, si chumbani.

Fahamu pia gharama iliyojificha. Ripita ya bendi moja husikiliza na kusema kwenye mawimbi yale yale, na haiwezi kufanya yote mawili kwa wakati mmoja. Kwa hivyo kasi hupungua kama nusu. Ripita ya bendi mbili, inayopokea kwenye 5 na kutoa kwenye 2.4, hupunguza hasara hiyo. Na usichomeke ripita nyuma ya ripita nyingine. Hiyo ni kama kupitisha ujumbe kwa mdomo kutoka jirani hadi jirani: ukifika mwisho si ule ule.

Kwa malipo, ujumbe na kusoma, nusu ya kasi inatosha kabisa. Kwa kijana anayefanya kazi za mtandaoni, haitoshi.

Aksesi pointi: waya ndio mfalme

Aksesi pointi hutoa WiFi kama ripita, lakini yenyewe haipokei mtandao kwa hewa. Inaupokea kwa waya kutoka kwenye ruta. Ndiyo tofauti yote, na ni tofauti kubwa: kasi haipungui, ukuta wa mabati haujali, mvua haijali. Nyumba ya kijana ni sanduku la mabati, sawa, basi tuingize waya ndani ya sanduku na tutoe WiFi humo humo.

Waya wa intaneti, Cat5e au Cat6, hufanya kazi hadi mita 100. Mita 40 za kijana ziko ndani. Mambo matatu ya kuangalia dukani:

Kwanza, ununue waya wa nje, ule mweusi unaostahimili jua na maji. Waya wa ndani hupasuka ganda lake, maji huingia, na utarudi kununua tena.

Pili, uliza kama nyaya zake za ndani ni shaba kamili. Kuna waya wa bei ya chini ambao ndani ni alumini iliyopakwa shaba juu. Unafanana kabisa na ule mzuri, lakini ni mwepesi, hukatika kwa urahisi, na husumbua zaidi ukiutumia kupeleka umeme wa kuendesha aksesi pointi kupitia waya huo huo.

Tatu, upitishe ndani ya bomba la plastiki ukiuzika. Jembe halijui waya.

Huenda pia usihitaji kununua aksesi pointi. Je, una ruta ya zamani kabatini? Ruta nyingi zinaweza kugeuzwa. Ingia kwenye mipangilio yake, tafuta hali ya aksesi pointi, uiwashe. Kama haina hali hiyo, ipe anwani tofauti na ya ruta kubwa, zima DHCP, kisha chomeka waya kwenye tundu la LAN, si lile la WAN. Ipe jina lile lile la WiFi na nywila ile ile, na simu itahama yenyewe ukitembea kutoka nyumba moja hadi nyingine.

Utasikia pia kuhusu meshi, seti ya visanduku viwili au vitatu vinavyoelewana vyenyewe. Ni vizuri na ni rahisi kusimamia, ila ujue jambo moja: vikiunganishwa kwa hewa, bado vinafuata kanuni ya ripita, yaani kila kimoja lazima kimsikie mwenzake vizuri. Vikiunganishwa kwa waya, ndipo vinang'aa.

Daraja: kuvuka bonde

Sasa kwa nyanya, mita 300 ng'ambo. Waya wa kawaida umeshafika mwisho wake, na ripita haiwezi kabisa. Hapa kazi ni ya daraja la WiFi, ambalo mafundi hulitaja kama briji. Ni vifaa viwili vya nje vinavyouzwa kama pea. Kimoja unakifunga kwenye ukuta au mlingoti wa nyumba kubwa, kingine kwa nyanya, kila kimoja kikimtazama mwenzake. Badala ya kumwaga mawimbi pande zote kama taa ya chumba, daraja huyakusanya upande mmoja kama tochi. Huko kwa nyanya, unaunganisha aksesi pointi ndogo ndani ya nyumba na kazi imekwisha.

Daraja halijali sana umbali. Linachojali ni kuonana. Mwaka 2007, nchini Venezuela, mhandisi Ermanno Pietrosemoli na wenzake waliunganisha milima miwili iliyo kilomita 382 mbali kwa vifaa vya WiFi. Waliweza kwa sababu mlima uliuona mlima. Nawe ukiweka mti mmoja mbele ya daraja la mita 300, linaweza kufa.

Na hapa ukanda wa chai una bahati. Majani ya chai hukatwa yakabaki usawa wa kiuno, kwa hivyo kutoka ukingo hadi ukingo mawimbi yanapita juu bila kizuizi. Adui ni mikaratusi. Mti huo hukua haraka. Daraja lililofungwa mwaka huu na likafanya kazi vizuri linaweza kuanza kukatika baada ya misimu michache, kwanza siku za mvua tu, majani yakiwa yamelowa, halafu kila siku. Usikimbilie kubadilisha kifaa. Panda juu uangalie mti.

Tena, kuonana kwa macho peke yake hakutoshi. Mawimbi hayasafiri kama uzi, yanavimba katikati. Kwa mita 300 kwenye bendi ya 5 GHz, acha nafasi ya kama mita 2 kila upande wa mstari pale katikati. Kwa hivyo usipitishe mstari ukigusa ncha za miti. Inua mlingoti au usogee kando.

Na duka la mita 80? Waya unafika, lakini tungekushauri daraja dogo. Sababu ni radi.

Radi, mvua ya mawe na stima

Kila mkulima wa Kericho na Bomet anajua mvua ya mawe inavyoweza kuharibu majani kwa nusu saa. Mvua hiyo huja na radi, na radi hupenda waya mrefu wa shaba unaounganisha majengo mawili. Si lazima ipige nyumba yako. Ikipiga karibu, nguvu huingia kwenye waya na kuchoma ruta upande huu na aksesi pointi upande ule.

Daraja halina waya kati ya majengo, kwa hivyo radi ya upande mmoja haisafiri hadi wa pili. Faiba nayo ni kioo, haibebi umeme, na ni chaguo zuri kwa umbali mrefu kama una fundi anayeijua. Ukitumia waya wa shaba nje, hata ule mfupi wa kijana, weka kinga ya radi iliyounganishwa ardhini vizuri. Mlingoti wa daraja pia uunganishwe ardhini. Na mvua ikianza kunguruma, chomoa: stima pamoja na waya wa intaneti. Kuchomoa stima peke yake hakutoshi. Fanya hivyo mapema. Radi ikishafika juu yako, usiguse nyaya.

Kuhusu bili ya stima, usiogope. Ripita ya wati 5 ikiwashwa mchana na usiku hutumia uniti 0.12 kwa siku, yaani kama uniti 3.6 kwa mwezi. Shida kubwa ni stima kupotea. Kibetri kidogo cha ruta kitakusaidia, lakini kumbuka kila kifaa kwenye mnyororo kinahitaji umeme. Ruta ikiwa na betri na daraja halina, duka halina mtandao.

WiFi imefika mbali, je, nani mwingine anaifikia?

Ukieneza WiFi hadi barabarani, umeieneza pia kwa kila anayepita barabarani. Fanya haya siku ile ile:

Badilisha nywila ya kuingia kwenye mipangilio ya ruta, ile iliyobandikwa chini yake. Hiyo si nywila ya WiFi. Ni ufunguo wa ruta yenyewe. Fanya hivyo pia kwa ripita na daraja.

Chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3. Usiache WiFi wazi.

Fungua mtandao wa wageni kwa wateja wa duka, wachuma majani na majirani wa kokwet. Wapate intaneti bila kuingia kwenye vifaa vyako.

Fundi akimaliza kazi, badilisha nywila ya WiFi. Si kwamba humwamini. Ni kama kubadilisha kufuli baada ya mpangaji kuhama.

Na kama unafikiria kuuza WiFi kwa majirani kwa wiki au mwezi, simama kwanza. Kuuza huduma ya intaneti kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, na masharti ya vifurushi vingi vya nyumbani hayaruhusu.

Kumlipa fundi bila kujuta

Bonasi hulipwa mara moja kwa mwaka. Kosa la siku moja utalihesabu hadi bonasi ijayo. Kwa hivyo:

Nunua vifaa mwenyewe dukani na ulipe kwa till ya duka. Jina likitokea kwenye skrini kabla ya PIN, lisome. Lisipolingana na duka, ghairi, uliza. Chukua risiti, kwa maana bila risiti warranti ni hadithi. Uliza pia kama kifaa kimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano.

Patana na fundi kwa kazi, si kwa siku. Mpe sehemu ya pesa mwanzoni na umalizie baada ya jaribio la salio kupita kwenye kaunta ya duka, yeye akiwa hapo. Fundi mzuri hataogopa jaribio hilo.

Usimpe fundi simu yako ikiwa imefunguliwa, na usiweke PIN akiwa ameegemea bega lako. Kuweka WiFi hakuhitaji PIN yako ya malipo. Akiomba PIN, au mtu akikupigia akidai anatoka kwetu na anataka PIN ili "kuunganisha malipo na WiFi mpya", kata simu. Sisi hatuombi PIN. Hata siku moja.

Malipo yakikwama katikati

Hata ukifanya yote, siku moja kiduara kitazunguka. Basi turudi dukani, gari la mkate likinguruma.

Usibonyeze tena. Ngoja ujumbe wa uthibitisho. Ujumbe huo huja kupitia laini ya simu, si WiFi, kwa hivyo unaweza kuingia hata kama programu imeganda.

Ujumbe ukichelewa, zima WiFi, washa data, kisha uangalie salio au taarifa fupi ya akaunti. Pesa imetoka? Basi umelipa, mwonyeshe dereva. Haijatoka na hakuna rekodi? Hapo ndipo ulipe upya.

Kama data pia haipo, tumia menyu ya kubonyeza nyota na reli. Hiyo haihitaji intaneti, inahitaji laini tu.

Na ikiwa tayari umelipa mara mbili, zungumza na mwenye gari kwanza, kisha utupigie mara moja ukiwa na nambari za miamala yote miwili. Kadiri unavyowahi, ndivyo inavyokuwa rahisi kusaidika, kabla pesa haijatumika upande wa pili.

Kwa kifupi, hivi ndivyo boma letu la mfano lilivyokamilika: ruta ilisogezwa kwa ajili ya jikoni, ripita moja koridoni kwa chumba cha mwisho, waya na ruta ya zamani kwa kijana, daraja kwa duka, na lingine kwa nyanya. Si kila boma linahitaji yote. Huenda lako linahitaji tu kuiinua ruta juu ya kabati.

Kwa hivyo jioni hii, kabla ya kwenda mjini na pesa mfukoni, chukua simu na karatasi utembee boma lako. Anzia kwenye kaunta ya duka.